Paka wa Sultani: Kwa Nini Mazimwi Hayatuchoshi

Katika hadithi ya Sultani Majinuni, ambayo Edward Steere aliiandika kutoka vinywani mwa wasimulizi wa Unguja na kuichapisha London mwaka 1870, nunda mla watu hakutoka porini wala baharini. Alikuwa paka wa sultani mwenyewe. Alianza kwa kumla ndama, akaendelea na mifugo mingine, na kila watu walipokwenda kushtaki, sultani aliwajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake, basi wamwache. Paka akanenepa, akahamia vichakani, akawa anakamata watu njiani, na bado jumbani hapakutoka amri yoyote. Ilibidi awaue wana wa sultani ndipo baba yao akakiri kwamba huyo si paka tena. Kuanzia hapo hadithi inamfuata mwana mdogo, ambaye ameapa kumsaka nunda. Anaua mnyama mmoja baada ya mwingine, anarudi nyumbani akiimba kwa ushindi, na kila mara mama yake anamwambia kwamba siye. Kijana amekulia katika jumba lilelile alimolelewa nunda, na hajui nunda anafananaje.

Naanza na hadithi hii kwa sababu, kwangu mimi, inajibu swali ambalo wasomaji wa hadithi za kutisha huulizwa kila mara: mtu mzima mwenye akili zake anatafuta nini kwa mazimwi, majini na wafu waliofufuka? Jibu la kawaida ni kwamba hofu ni tamu ikiwa salama. Moyo hudunda, mwili husisimka, kisha msomaji hufunga kitabu na kujikuta kitandani mwake mzima wa afya. Jibu hilo lina ukweli wake, na yeyote aliyewahi kusoma kwa mshumaa usiku ambao stima imepotea mtaa mzima ataukubali. Lakini halitoshi. Kama tungekuwa tunatafuta msisimko peke yake, lori lililokatika breki kwenye barabara ya Mariakani lingetuvutia kuliko jini yeyote, maana lori ni kitu cha kweli na hatari yake haihitaji ushahidi. Hata hivyo hakuna aliyekaa barazani kusimulia habari za lori kwa vizazi vitano mfululizo, ilhali nunda bado anasimuliwa.

Naamini kwamba dubwana linalodumu ni lile linalotufahamu. Wahenga walilisema jambo hilo kwa upande wake wa faraja, kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hadithi za kutisha hulichukua neno hilohilo na kuligeuzia upande wa pili: zimwi likujualo ndilo linalojua mlango wa nyuma uko wapi, nani hulala mwisho, na ni jambo gani ambalo watu wa nyumba hiyo wameamua kutolizungumza.

Hata madubwana mashuhuri ya Ulaya, ambayo sisi tumeyapokea kwa njia ya vitabu na sinema, yana tabia hiyo. Mary Shelley alianza kuandika riwaya yake Frankenstein mwaka 1816, akiwa na umri wa miaka 18, karibu na Ziwa Geneva, katika kiangazi cha baridi na mvua kilicholetwa na kulipuka kwa mlima Tambora wa Indonesia mwaka uliotangulia. Riwaya ilitoka mwaka 1818, na tangu hapo watu wengi wameikumbuka kwa sura ya kiumbe chake, ilhali jambo zito zaidi ndani yake ni kwamba aliyekiumba alikikimbia usiku uleule kilipofumbua macho. Kiumbe kilijifunza kusema kwa kuisikiliza familia ya watu wengine kupitia ufa wa ukuta. Kilipomrudia muumba wake, kilikuwa na lugha ya kumshtaki. Hakuna msomaji aliyelelewa katika ukoo wenye mtoto aliyekataliwa na babake atakayehitaji kufafanuliwa maana ya kisa hicho.

Dracula naye, aliyeingia katika fasihi mwaka 1897 kwa mkono wa Bram Stoker, ana sharti ambalo mtu wa pwani hulielewa upesi: hawezi kuingia katika nyumba kwa mara ya kwanza mpaka mmoja wa wenyeji amkaribishe. Sisi tuliolelewa kwa hodi na karibu tunajua uzito wa neno linalotamkwa kizingitini. Utotoni nilifundishwa kwamba nikiitwa usiku nisiitike mpaka niitwe mara ya tatu, na nilipolisoma sharti la Dracula niliona kwamba watu wa mbali kabisa walikuwa wamefikia adabu ileile kwa njia yao. (Inafaa kusema kwamba katika riwaya ya Stoker mnyonya damu huyo aliweza kutembea mchana, kuuawa kwa mwanga wa jua kulikuja na filamu ya Kijerumani, Nosferatu, ya mwaka 1922.) Masharti ya namna hii ndiyo yanayolitofautisha dubwana na ajali. Ajali humpata yeyote, lakini zimwi lina sheria, na penye sheria pana mtu aliyeivunja, aliyeipuuza, au aliyefungua mlango. Mwandishi anayelipa zimwi lake nguvu zote bila sharti lolote huandika kelele tupu, na msomaji huchoka kabla ya ukurasa wa ishirini.

Hadithi iliyonifundisha haya kabla sijajua kusoma ni ile ya msichana na ngoma, ambayo husimuliwa kwa namna nyingi katika Afrika ya Wabantu na ambayo nyanyangu aliisimulia baada ya isha, akianza kwa Paukwa kama ilivyo desturi. Wasichana walikwenda pwani kuokota kombe. Mmoja wao akaokota kombe zuri kuliko yote, akaliweka juu ya jiwe, akalisahau. Walipokuwa njiani kurudi alilikumbuka, akawaomba wenzake wamsindikize. Wakakataa kila mmoja kwa sababu yake. Akarudi peke yake akiimba ili kujipa moyo, akalikuta zimwi limekaa juu ya lile jiwe. Zimwi likaipenda sauti yake. Likamwambia aimbe tena, akaimba, na ghafla likamtia ndani ya ngoma likaiwamba. Kuanzia siku ile likawa linazunguka mijini. Kila lilipofika lilitaka kuku na wali, kisha likapiga ngoma, na ngoma ikaimba kwa sauti ya mtoto, na watu wakacheza mpaka usiku wa manane. Mwishowe likafika katika mji wa wazazi wa msichana, na mama akaitambua sauti. Wazazi hawakupiga kelele. Walililisha zimwi, wakalinywesha tembo, likalala. Wakamtoa binti yao, wakaijaza ngoma nyuki na nyoka na siafu, wakaiwamba kama ilivyokuwa. Zimwi likaenda mji wa pili, likapiga, ngoma haikuimba, likaipasua kwa hasira, na yaliyokuwamo yakalimaliza.

Nyanyangu hakusema hata mara moja zimwi hilo lilikuwa na urefu gani, wala macho mangapi. Ann Radcliffe, mwandishi Mwingereza wa riwaya za kutisha, katika makala iliyochapishwa mwaka 1826 baada ya kufa kwake, alitenganisha aina mbili za hofu: ile inayoipanua roho na kuziamsha akili, na ile inayoigandisha roho mpaka ikaribie kuangamia, na aliamini kwamba ile ya kwanza huhitaji kiza, yaani mambo yasiyoonekana waziwazi. Wasimulizi wetu walilijua hilo bila ya makala. Zimwi lililokosa sura liliniacha na nafasi ya kuyatazama mambo mengine katika hadithi, na hayo ndiyo yaliyonikosesha usingizi. Niliwafikiria wale wenzake waliokataa kumsindikiza. Niliifikiria zaidi ile miji iliyocheza. Mji baada ya mji, watu wazima walisikia sauti ya mtoto ikitoka ndani ya ngozi iliyowambwa, wakatoa kuku, wakatoa wali, wakasifu ngoma, na hakuna aliyeuliza ni nani anayeimba. Hadithi haiwalaumu kwa neno lolote. Inasema tu kwamba walicheza, kisha inapita. Sijasoma ukurasa wa riwaya yoyote ya kutisha, ya lugha yoyote, unaonisumbua kuliko ule msafara wa miji yenye furaha.

Msomaji wa Mombasa ana jambo moja zaidi linalomtenga na msomaji wa London au New York. Mhakiki Tzvetan Todorov, katika kitabu chake cha mwaka 1970, alidai kwamba fasihi ya maajabu huishi katika kusita kwa msomaji: je, jambo hili lina maelezo ya kawaida, au kweli limevuka mipaka ya maumbile? Pindi msomaji anapoamua, maajabu huisha. Lakini hapa kwetu majini wana sura yao katika Kurani, sura ya 72, na karibu kila familia ina kisa cha mtu aliyekutana na mwanamke mwenye kwato barabarani usiku. Kwenye Mnara wa Mbaraki, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe karne nyingi zilizopita na ambao leo ni turathi ya taifa, watu huendelea kufukiza udi na kumimina marashi kwa ajili ya pepo anayesemekana kukaa humo. Kwa hiyo kusita kwetu kuko mahali pengine. Wengi wetu hatuulizi kama viumbe wa ghaibu wapo. Tunauliza kama tukio hili, la usiku huu, katika nyumba hii, limetendwa na kiumbe wa ghaibu au limetendwa na binadamu anayejificha nyuma yake.

Swali hilo ndilo lililozaa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka mwaka 1960, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar aliyaweka mauaji penye mzimu, mahali ambapo hofu ya watu ingetosha kuufunga mjadala wote, kisha akamleta mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake ili aendelee kuuliza. Kinachonifurahisha katika riwaya ile ni kwamba mwandishi hakuudharau mzimu. Aliutumia ipasavyo, akauacha utie kiza katika kila ukurasa, kwa kuwa alijua kwamba muuaji mwerevu hukopa sura ya zimwi ambalo watu tayari wanaliogopa.

Na mazimwi ya namna hiyo hayakuja yote kutoka kale. Wakati wa ukoloni, Afrika Mashariki ilijaa habari za mumiani na za wazimamoto, watu waliodhaniwa kuwakamata Waafrika usiku na kuwanyonya damu iliyogeuzwa kuwa dawa. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya uvumi huo mwaka 2000, akionyesha jinsi ulivyobeba mawazo ya watu kuhusu kazi, mshahara, hospitali na serikali ya kigeni. Mtu aliyemwona jirani yake akienda kufanya kazi ya kijungujiko na kurudi amekauka, na asiwe na lugha ya kiuchumi ya kulieleza jambo hilo, alikuwa na neno mumiani, na neno hilo lilieleza sehemu ya ukweli kwa usahihi unaotisha. Vivyo hivyo Wajapani walimpeleka Godzilla katika sinema mwaka 1954, miaka tisa baada ya Hiroshima na miezi michache tu baada ya wavuvi wao kunyeshewa majivu ya bomu la Marekani lililojaribiwa kwenye kisiwa cha Bikini. Dubwana lile liliinuka kutoka baharini likiwa limeamshwa na mabomu hayohayo.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wapenzi wa hadithi za kutisha hatulisemi vya kutosha. Zimwi likitoka katika hadithi na kuingia mtaani, huacha kufuata masharti, na huwashukia wanyonge. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Zanzibar tangu Mapinduzi, hofu ya Popobawa, pepo anayesemekana kuwavamia watu usiku, ilienea kutoka Pemba hadi Unguja. Watu walilala nje kwa makundi, wakiota moto na kukesha, na katika hofu hiyo mgonjwa wa akili aliuawa mjini Unguja kwa kudhaniwa kuwa ndiye Popobawa. Katika kaunti jirani yetu ya Kilifi, wazee wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi chini ya tuhuma hizo pana ugomvi wa ardhi. Mzee mwenye mvi na shamba la urithi hageuki kuwa mchawi mpaka apatikane mtu anayelitamani shamba lake.

Kwa sababu hiyo sina uvumilivu na filamu zile, za kwetu na za Afrika Magharibi, ambazo mchawi wake daima ni bibi kizee maskini mwenye macho mekundu, anayeishi pembeni mwa kijiji. Najua zinatisha, najua pia watu hukusanyika kuzitazama, nami nimezitazama nyingi. Lakini zinamtafuta nunda mahali ambapo hayupo, kama yule kijana aliyekuwa akiua wanyama wasiohusika na kuimba. Hadithi ya kutisha iliyo bora huielekeza hofu yetu kwenye jumba lililomlisha paka. Said Ahmed Mohamed alifanya hivyo katika Babu Alipofufuka, riwaya ya mwaka 2001, ambamo mzuka wa babu unamtokea mjukuu wake, kigogo aliyeshiba mali na cheo, na kumlazimisha ayaone maisha ya watu aliowasahau. Mzuka ule haumtafuti fukara yeyote. Umefuata damu yake yenyewe mpaka ilipo, ndani ya nyumba yenye walinzi getini, na hakuna mlinzi anayeweza kuuzuia kwa kuwa unaingia kwa haki ya ukoo.

Nafikiri vijana wanaoandika Kiswahili hivi sasa wana utajiri wa mambo haya ambao hawajaugusa, na huniuma kuona wengi wao wakiazima majumba yenye theluji na mbwamwitu wasiowahi kuwasikia wakilia, ilhali maji ya Kilindini yapo mbele ya macho yao. Sisi watoto wa kisiwa tulikatazwa kuogelea mahali fulani kwa sababu ya chunusi, anayewavuta watu chini na kuwazamisha. Na tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imejaza abiria kupita kiasi, wakafa watu 272. Baada ya msiba kama huo ni rahisi kumtwisha chunusi lawama zote, na akishatwishwa, hakuna mwingine wa kuulizwa.

Mwandishi aliye makini angeweza kulizuia hilo kwa kumpa chunusi wake sharti. Chunusi huyo angekaa mkondoni tangu enzi za majahazi, mwenye njaa isiyoisha, na asingeruhusiwa kukigusa chombo chochote kilichobeba watu wa kiasi chake. Kwa miaka mingi angehesabu tu. Asubuhi moja hesabu ingezidi kwa mtu mmoja, kisha kwa kumi, kisha kwa mia, na kila siku chombo kingevuka salama, na chunusi angesogea karibu zaidi na uso wa maji. Sura ya kwanza ya hadithi hiyo ningeiweka nchi kavu, langoni, kwa mtu anayewaruhusu watu kuingia.